Mlima Umo Ndani ya Bei

Morogoro tunaitwa mji kasoro bahari, na jina hilo tumelibeba kwa roho safi miaka yote. Milima tunayo, mito tunayo, reli tunayo, vyuo vikuu tunavyo. Kilichopungua ni bahari tu. Sasa madalali wameanza kuuza hata hicho kilichopungua. "Mzee wangu, hapa hakuna upepo wa chumvi. Bati lako halitoboki mwaka wa tatu kama wenzako wa Dar." Yaani bahari haipo, na kutokuwepo kwake nako kunalipiwa.

Natafuta nyumba. Au kiwanja. Au pagale. Hata msingi ambao mwenyewe amekata tamaa nao nauangalia, mradi una njia ya kupita. Tumepanga Mafiga tangu mtoto wetu mkubwa anasoma chekechea, na sasa hivi ananiibia nyembe za kunyolea. Mama watoto, mzaliwa wa Temeke, ametoa tamko kwamba hatazeekea kwenye nyumba ya kulipia miezi sita sita, na kwamba nyumba atakayoingia lazima ione Uluguru. Sebuleni, si chooni. Hilo la chooni alilitaja mwenyewe baada ya kunifahamu.

Hapo ndipo tulipokwaruzana, maana mimi ni Mpare wa Usangi. Mlima ninaujua kwa magoti. Kwetu mlima ni mahali unapopanda ukienda kisimani na kupanda tena ukirudi, na sijawahi kuelewa hilo linawezekanaje. Marehemu babu yangu aliishi umri wake wote mlimani akitazama chini, kwa sababu angetazama juu angejikuta korongoni. Nikipeleka habari nyumbani kwamba nimeongeza milioni nne kwenye bei ya kiwanja ili niuone mlima wa watu wengine, kitaitishwa kikao cha ukoo, na Wapare tukishaitisha kikao, ujue kesi hiyo itarithiwa na wajukuu.

Lakini Morogoro mlima ni bidhaa. Uluguru umesimama pale juu ya mji, kilele cha Lupanga kikiwa mita 2,138 kutoka usawa wa bahari, asubuhi kimejifunika wingu, jioni kimegeuka rangi ya zambarau. Unauona ukiwa Msamvu unasubiri basi. Unauona ukiwa kwa kinyozi. Unauona ukiwa kwenye foleni ya kuweka upepo tairi la baiskeli. Kitu ambacho kila mtu anakiona bure kutoka kila mahali, kimehesabiwa upya ndani ya kila nyumba kana kwamba fundi ndiye aliyekijenga. Nimeingizwa kwenye stoo moja huko Kichangani, giza, magunia ya mkaa, nikaambiwa nikanyage ndoo nichungulie kwenye kitundu cha hewa. "Umeona, bosi?" Niliona. Ni kweli ulikuwa pale. Wangapi wanaweza kusema wana stoo yenye mlima?

Halafu ikaja treni.

Sina ugomvi na treni. Juni 2024 abiria walipoanza kusafiri kwa SGR kati ya Dar na hapa, nilikuwa mmoja wa waliofurahi. Sisi tuliozoea kukaa kwenye basi, ukapita Kibaha unahesabu malori, ukafika Chalinze umeshazeeka kidogo, tukaambiwa safari ni chini ya saa mbili na nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 13,000. Habari njema kwa kila mtu, isipokuwa anayetafuta kiwanja. Kuanzia hapo umbali wote wa mji huu ukaanza kupimwa upya. Zamani dalali alikuwa anakwambia "mita mia tatu kutoka lami," na ukijua mita mia tatu za dalali ni kilomita moja na kijito, unapiga hesabu zako. Siku hizi anasema "dakika tano kutoka SGR." Hataji ni dakika tano za nini. Kuna kiwanja nilipelekwa upande wa Mkundi, tukaenda kwa bodaboda mpaka dereva akauliza kama tuna uhakika, na bado kilikuwa dakika tano. Nikamuuliza dalali dakika hizo zinaanza saa ngapi.

Na treni imemleta mtu mmoja hatari sana anayeitwa mtu wa Dar.

Mtu wa Dar sijawahi kumwona, ila namjua kuliko ninavyomjua jirani yangu. Anafanya kazi Posta, anataka kuishi Moro, asubuhi atapanda treni na jioni atarudi kulala kwenye hewa safi. Ana hela taslimu. Anakuja kesho. Popote ninapokwenda amenitangulia kwa simu. Nikisema milioni kumi na mbili, mtu wa Dar ameshasema kumi na tano. Nikisema ngoja nikashauriane na mama watoto, mtu wa Dar hana mke wa kushauriana naye. Kiwanja kimoja cha Lukobe mtu wa Dar amekuwa akija kesho tangu mvua za vuli mpaka leo tunavuna mahindi, na bei inapanda kila asipokuja.

Niseme jambo moja kuhusu hela ya kuonyeshwa. Kabla hujaona chochote, unampa dalali shilingi elfu kumi. Si ya kiwanja, si ya usafiri. Usafiri ni juu yako na yeye anapanda nyuma yako kwenye pikipiki uliyoilipia. Elfu kumi ni ya kuonyeshwa tu. Ukionyeshwa shimo, umeonyeshwa. Nikaona ni kazi safi kabisa kwa mtu mwenye macho na kidole kimoja, na nasikitika niliambiwa nikasome uhasibu.

Sasa, kwa asiyeujua mji wetu, hapa kuna sehemu mbili na kila moja inauza kilichoko kwa mwenzake. Kuna huku tambarare, Kihonda, Mkundi, Lukobe, Tungi, ambako mji unakimbilia. Viwanja vimepangika, barabara zimechorwa, mlima unauona wote kuanzia mguuni mpaka kileleni. Ni joto tu. Wageni wetu wa Dar huwa wanashuka na masweta kwa sababu wamesikia milima, wakati mji wenyewe uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari na baridi waliyoifuata iko juu kule Lupanga, kwa miguu, kwa anayeweza. Sweta linavuliwa kabla ya chai. Kisha kuna upande wa pili, Bigwa, Kigurunyembe, Mlimani kwenyewe, ambako hewa ina ubaridi, maji yanasikika, na ngedere wanakuja kukagua jiko. Huko ndiko mlimani hasa. Ila ukiwa huko mlima huuoni. Unaona ukuta wa kijani, mgomba wa jirani, na mtu anayepita juu ya bati lako kwa sababu njia yake iko usawa wa paa. Nilimweleza mama watoto kwamba ukitaka kuuona mlima ukae mbali nao. Akaniuliza kama hiyo ni sababu au ni kisingizio.

Tukaenda Kigurunyembe. Kiwanja kilikuwa kizuri, nisiwe mwongo: mwembe mmoja wa zamani, udongo mwekundu, upepo. Pembeni kulikuwa na korongo kavu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kufanya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo nikaanza kupiga hatua kutoka korongoni kuelekea mahali dalali alipokuwa ameshaniwekea sebule. Sikufika mbali.

"Huu si mto, mzee wangu. Ni mtaro wa mvua."

Katikati ya mtaro kulikuwa na jiwe kubwa kuliko bajaji. Nikamuuliza hilo jiwe limeletwa na nani.

"Na Mungu."

Sikuwa na la kumjibu, na sidhani kama hata msajili wa ardhi angekuwa nalo.

Maji ya mlima huu yana vituko vyake. Mto Ruvu unaanzia Uluguru, na Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake inayachota Ruvu. Sisi mjini tuna bwawa la Mindu, lililojengwa kwenye mto Ngerengere ambao nao unatoka mlima huohuo. Tumezungukwa na maji. Lakini nenda kaulize kwenye nyumba inayouzwa kama maji yapo. "Yapo." Ukiangalia, kilichopo ni bomba. Pembeni ya bomba kuna tenki la lita elfu tano, na pembeni ya tenki kuna ndoo zimepangwa kwa ukubwa, na hizo ndoo ndizo zinazokwambia ukweli. Kwa hiyo mtu wa Dar anaoga maji ya Uluguru kila asubuhi huko kwao, anajifuta, anapanda treni, anakuja kununua na sehemu ya kuutazamia. Mlima wote ameuchukua, ndani na nje, mimi nimebaki na ndoo.

Bigwa ndiko karibu tupate. Kijana mmoja mtaratibu, shati limepigwa pasi, alikuwa anauza nusu eka ya shamba la marehemu baba yake. Mifenesi, migomba, mdalasini mmoja karibu na njia. Bei haikuwa ya kutisha na, ajabu, mtu wa Dar hakutajwa. Tulikuwa tumeshakubaliana kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuandikishana, dalali ameshaanza kunipongeza kwa kunipiga mgongoni, mara akatokea mzee mmoja mwenye kofia na bakora, nyuma yake akina mama wawili wamejifunga khanga viunoni. Nikawaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Unanunua kwa nani?"

"Kwa mwenye shamba, mzee. Huyu kijana."

Yule mzee akamtazama kijana kwa upendo kabisa. "Huyu ni mtoto wetu. Tumemlea. Lakini ukoo wake ni wa mama yake, na wa mama yake wako Mkuyuni. Hapa alikuwa anakula mafenesi."

Hapo Mpare nikakosa pa kushika. Kwetu ardhi inatoka kwa baba kwenda kwa mwana, na mjomba ni mtu wa kukupa baraka na ukibahatika mbuzi. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama. Baba anaweza kulima ardhi ya ukoo wake maisha yake yote, akala na wanawe, akapanda mifenesi. Akifa, ardhi inarudi kwa watu wa ukoo wake, yaani wapwa zake, watoto wa dada zake, na si lazima iende kwa watoto aliowazaa. Wale akina mama wawili walikuwa ndio dada za marehemu. Hawakusema neno. Hawakuwa na haja.

"Basi ninunue kwa mpwa," nikasema, maana biashara ni biashara.

"Mpwa yupo, ni fundi magari Mwembesongo. Lakini hawezi kuuza mjomba wake hajaridhia."

"Mjomba wake ni nani?"

"Mimi."

"Unaridhia, mzee?"

Akafikiri kwa muda mrefu, bakora imechomekwa ardhini. "Ardhi ya wazee haiuzwi, mwanangu." Akakohoa. "Lakini kuna kipande kule chini, karibu na barabara. Kile tunaweza kuzungumza."

Nilipogeuka kumtafuta dalali, alikuwa ameshapotea na elfu kumi yangu. Yule kijana alikuwa amekaa chini ya mfenesi, kimya, wala sikumlaumu. Kulima alilima, baba alikuwa wake, ila shamba halikuwa la kwao. Njiani nikamsimulia mama watoto nikitegemea atashangaa. Akacheka mpaka akasimama. Yeye Mzaramo, na Wazaramo mambo ya ukoo wa mama si mageni kwao. "Wana haki yao," akasema. "Wewe ulidhani baba zenu ndio waliumba dunia?"

Na ukisoma sheria za ardhi za 1999, unaambiwa ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba yetu. Nikapiga hesabu nikiwa kitandani. Rais ana kauli, mjomba ana kauli, shangazi wana kauli bila kufungua mdomo, mpwa ana kauli, mtu wa Dar ana hela. Katika nusu eka ile nzima mtu pekee asiyekuwa na chochote ni mnunuzi.

Benki nilipita pia, ili nisije nikaambiwa sikujaribu. Dada mmoja mpole sana akanieleza kwamba mkopo wa nyumba unahitaji hati. Hati inahitaji kiwanja. Kiwanja kinahitaji hela, ambayo ndiyo nilikuwa nimeifuata. Akanipa kipeperushi chenye picha ya familia inacheka mbele ya nyumba, na nyuma ya nyumba, ukiangalia vizuri, kuna mlima.

Kuna nyumba nyingine iko kwenye barabara ya Iringa, kubwa, vyumba vinne, bei ya kutupwa. Ukutani palikuwa na kiraka cha rangi ya maziwa, kipya kuliko ukuta wenyewe, na chini ya kiraka ikionekana X nyekundu, ile wanayopaka kwenye nyumba zilizoingia kwenye hifadhi ya barabara na ambazo siku ya kubomolewa hazina fidia. Nikaigusa. Mwenye nyumba akasema ni pambo la mtoto.

Kwa hiyo bado nimepanga. Ila sijakosa heshima zote. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye luku, na anayenunua luku nyumba hii ni mimi. Kila mwezi umeme unanikata kama mwenye nyumba, na mwenye nyumba halisi nikimkumbusha anirudishie kwenye kodi ya pango, huwa mtandao unasumbua. Kwa mujibu wa mita mimi nina nyumba Mafiga. Ni karatasi tu ndizo zinazobisha.

Na mwenye nyumba wangu naye ameamua kuuza. Hakuniambia, niliambiwa na viatu. Jumamosi asubuhi nikiwa na msuli na kikombe cha chai nikasikia hodi, nikafungua, nikakuta dalali, yuleyule wa Bigwa, na nyuma yake bwana mmoja na mkewe, viatu vyeupe, sweta limefungwa kiunoni. Miguu yao haikuwa na vumbi. Walikuwa wameshuka kwenye treni.

Hatimaye, mtu wa Dar. Sijui nilitegemea nini. Alikuwa mfupi kuliko bei zake, na alinisalimia kwa adabu.

Dalali alionyesha kunifahamu kwa robo dakika, kisha akaacha. Akapita sebuleni kwangu akitaja mambo ambayo sikuwa nayajua. Kumbe niko dakika tano kutoka SGR. Kumbe maji yapo. Mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama akisikiliza kwa makini kabisa, kwa sababu ndiyo kwanza anaisikia nyumba anayoishi ikisifiwa. Kisha dalali akafika dirishani, akashusha sauti ile ya kuanza kuuza.

"Na sasa, bosi, hiki ndicho nilichokuambia kwenye simu. Mzee wangu, samahani, hebu sogeza pazia wageni wauone mlima."

Sikuondoka kwenye kochi. Nikamwambia nyumba ni ya mwenye nyumba, mlima sijui ni wa nani, wajomba watajuana na Rais; lakini pazia ni langu, nimelinunua kwa hela yangu Soko la Chifu Kingalu, na fimbo yake nimepigilia mwenyewe. Kulisogeza ni elfu kumi. Ya kuonyeshwa.

Dalali akaanza kucheka. Mtu wa Dar hakucheka. Alikuwa ameshafungua pochi. Mama watoto akaipokea noti, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga, na pazia akalivuta mpaka nusu.

"Nusu nyingine?" akauliza yule bwana.

"Hiyo ni Lupanga," mama watoto akamwambia. "Lupanga ina bei yake."